Unga Mweupe Juu ya Kiti cha Mtemi

Mfuga nyuki wa Sikonge, Tabora, akilikuta bonge la nta lililokaa stoo miezi kadhaa limevaa utando mweupe, kama limenyunyiziwa unga, hashtuki. Anajua ni nta yenyewe: sehemu zake laini hupanda juu taratibu na kuganda usoni. Akilisugua kwa dole gumba au akiliweka juani, utando huyeyuka na rangi ya manjano hurudi pamoja na harufu yake. Sasa tuseme utando wa weupe uleule umejificha kwenye mikunjo ya kiti cha mtemi kilichoondoka Unyamwezi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kikakaa muda wote huo katika ghala la makumbusho Ulaya. Huenda ni nta. Huenda pia ni DDT, dawa ya kuua wadudu. Jicho halitofautishi, na dole gumba lililozoea kusugua nta ndilo litakaloifikisha sumu mdomoni. Hoja yangu ni hii: vitu vyetu virudi, na kila kimoja kirudi na cheti cha kemia kinachosema kilipakwa nini na kimebaki na kiasi gani. Vipimo vya cheti hicho vifanywe na wakemia wetu bega kwa bega na wa kule, kabla sanduku halijapigiliwa misumari.

Mjadala wa kurejesha malikale umepamba moto tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea Novemba 2023 na kuomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Majimaji. Makumbusho ya Etnolojia ya Berlin peke yake ina vitu takriban 10,000 vilivyotoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na mwishoni mwa 2024 baadhi yake viliwekwa kwenye maonyesho yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa letu. Katika mikusanyo hiyo ya Berlin kimo kiti chenye mgongo mrefu kutoka Buruku, Unyamwezi, chenye umbo la mtu lililochongwa mgongoni. Wanahistoria wa sanaa duniani kote wanakijua kwa picha. Kwa mtoto wa shule ya Sikonge ni kama hakipo. Tunabishana, na ni haki yetu kubishana, kuhusu mwenye mali ni nani na ilichukuliwaje. Lakini kitu cha namna hii kina maisha mawili. Ya kwanza ni yale ya nyumbani, mikononi mwa waliokichonga, waliokipaka mafuta na waliokikalia. Ya pili ni ya ghalani, na hayo yameandikwa kwa kemikali ndani ya mbao, ngozi na manyoya.

Chanzo cha kemikali hizo ni wadudu. Nondo hula manyoya na ngozi, mbawakawa hutoboa mbao, na ghala lililojaa vitu vya namna hiyo ni karamu kwao. Katika karne ya 18 Mfaransa Jean-Baptiste Bécoeur alitengeneza sabuni yenye arseniki kwa ajili ya kuhifadhi ndege waliokaushwa, na makumbusho ya Ulaya na Marekani yakaizoea arseniki kwa vizazi. Kloridi ya zebaki ikapakwa kwenye mbao na nguo, naftalini ikamwagwa makabatini. Mwaka 1939 Mswisi Paul Müller aligundua kwamba DDT inaua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, na unga huo nao ukaingia maghalani. Baadaye zikafuata lindani na pentaklorofenoli. Berlin haikuachwa nyuma. Helene Tello, aliyekuwa mhifadhi katika makumbusho hayohayo ya etnolojia, ameandika kwa kirefu kuhusu sumu hizo zilivyotumika kwenye mikusanyo yake. Waliofanya hivyo hawakumkusudia mtu ubaya. Kwao kitu kilikuwa kimefika mwisho wa safari, hakitavaliwa wala kukaliwa tena, hivyo usalama wa mtumiaji haukuwa swali. Leo ndilo swali lenyewe. Arseniki na zebaki ni elementi. Haziozi, hazichuji, na miaka mia haizipunguzii ukali. DDT huvunjikavunjika polepole mno, na ndani ya kabati lenye giza huvunjika polepole zaidi.

Wapo waliokwisha kuonja uchungu huu. Marekani ilipitisha mwaka 1990 sheria ya kuwarudishia wenyeji wa asili mabaki ya wazee wao na vitu vyao vitakatifu. Wahopi wa Arizona walipoanza kupokea vyao, vingine vilikutwa na arseniki vikiwa vimekwisha kufika kwa wenyewe, watu ambao desturi yao ni kuvivaa, kuvilisha na kuvipumulia. Wahupa wa Kalifonia walipeleka maabara vitu 17 vilivyotoka Makumbusho ya Peabody ya Chuo Kikuu cha Harvard. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha zebaki, DDT na naftalini. Kanuni za sheria ile, tangu mwaka 1995, zinazitaka makumbusho kumjulisha anayerudishiwa kama kitu chake kinajulikana kuwa kilitiwa dawa. Ni kanuni nzuri yenye tundu kubwa, kwa sababu inadai kile kinachojulikana tu, na daftari za maghala ya zamani mara nyingi hazikuandika kilichonyunyizwa. Makumbusho isiyo na rekodi inatimiza sheria kwa kunyamaza. Sisi ambao bado hatujafunga mikataba mikubwa tuna nafasi ya kuliziba tundu hilo: tudai vipimo, tusiridhike na kumbukumbu.

Turudi kwenye ule unga mweupe, maana ndipo mtu anapoona kwa nini kazi hii haiwezi kuachiwa jicho la upande mmoja. Weupe juu ya kitu cha kale una asili nyingi. Inaweza kuwa nta iliyopanda usoni. Inaweza kuwa asidi za mafuta ya wanyama aliyoyapaka mwenye kiti, zilizotoka ndani ya mbao na kuganda. Inaweza kuwa kuvu. Inaweza kuwa fuwele za DDT, ambazo hung'aa kama sindano ndogo chini ya hadubini na haziyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 100, wakati utando wa nta huondoka kwa joto la kiganja. Kwenye kibangwa, lile duara la kombe la bahari lililosafiri toka pwani hadi kifuani mwa mtemi, weupe unaweza kuwa ugonjwa wa kombe lenyewe: kabati la mbao kali kama mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya siki, asidi hula kalsiamu kabonati ya kombe, na chumvi mpya huchipua juu kama ukoga. Mwingereza Byne aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1899 alidhani ni kazi ya bakteria. Na kuna weupe wa sita ambao maabara ya ugenini haiwezi kuufikiria isipoambiwa: unga wa nafaka uliochanganywa na maji, ambao Wanyamwezi huutumia katika matambiko. Fundi wa Ulaya mwenye brashi laini ataufuta akidhani ni vumbi, na kwa kufuta atakuwa ameondoa alama pekee inayothibitisha kwamba kitu hicho kiliombewa. Tone la iodini, jaribio la darasani ambalo kila mwanafunzi wa sekondari analijua, hugeuka bluu-nyeusi likikuta wanga. Lakini lazima awepo mtu atakayesema: hapa, kabla hujafuta, jaribu iodini.

Mambo yanakuwa magumu zaidi pale sumu na heshima zinapokaa mahali pamoja. DDT haipendi maji, inapenda mafuta. Ikinyunyizwa juu ya mti uliopakwa nta au mafuta ya nyonyo kwa miaka mingi, huzama ndani ya tabaka hilo na kujificha humo. Njia mojawapo ya kuitoa ni kuloweka kitu katika kabonidayoksaidi iliyobanwa na kupashwa moto mpaka ipite nyuzi 31 na shinikizo la zaidi ya mara 70 ya lile la hewa tunayovuta. Katika hali hiyo hupenya kama gesi na kuyeyusha kama kimiminika, na DDT huondoka nayo. Huondoka pia na sehemu ya nta na mafuta, kwa sababu kinachoyeyusha kimoja huyeyusha na kingine. Arseniki yenyewe hubaki palepale. Mtu anaweza kuita matokeo hayo usafi. Kwa Mnyamwezi anayejua kwamba ule weusi unaong'aa kwenye mkono wa kiti ni alama ya vizazi vilivyokigusa, ni kuchuna ngozi. Uamuzi wa kuosha au kutoosha unahitaji kwanza kujua kilichomo, na kemia ina uwezo huo. Kipande kidogo kuliko chembe ya chumvi kikipitishwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, nta ya nyuki hujitambulisha kwa mfululizo wa molekuli zake ndefu, na nyonyo kwa asidi yake ya risinoleiki. Alama ya nta haifi upesi. Watafiti wa Bristol na Frankfurt waliochunguza vigae zaidi ya 450 vya utamaduni wa Nok, Nigeria, walitangaza mwaka 2021 kwamba zaidi ya theluthi ya vile vilivyokutwa na mafuta vilikuwa bado na mabaki ya nta, vingine vya miaka 3,500 iliyopita. Kiti cha juzijuzi, cha karne ya 19, hakiwezi kuwashinda.

Vilevile namba bila mtu wa kuisoma inaweza kudanganya. Kipimo cha haraka cha arseniki ni kifaa kinachoshikwa mkononi, umbo lake kama mashine ya kukaushia nywele, kinachopiga miali ya eksirei juu ya kitu; kila elementi hujibu kwa miali ya nguvu yake maalumu. Arseniki hujibu kwenye kiloelektronivolti 10.5. Kwa bahati mbaya risasi nayo hujibu karibu palepale, na hutenganishwa kwa kuangalia jibu lake la pili, la 12.6. Tuchukue sasa kitu chenye shanga, kama vilivyo vingi vya njia ya misafara. Baadhi ya shanga nyeupe za Venisi za karne ya 19 zilitiwa arseniki na risasi ndani ya kioo chenyewe ili ziwe nyeupe. Arseniki hiyo imefungwa kwenye kioo, haimdhuru anayeishika. Anayepima bila kujua shanga atakiita kitu salama kuwa cha sumu, au ataambulia kuamini kwamba arseniki yote ni ya shanga wakati ngozi iliyo chini yake imelowa. Mwandishi wa habari Stanley, aliyekaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871, aliandika kwamba shanga nyeupe zilizoitwa merikani zilipendwa Ufipa na kudharauliwa Ukonongo, jirani na Sikonge. Kumbukumbu ya namna hiyo, ya nani alivaa nini na wapi, inamwambia mkemia pa kuelekeza kifaa. Ndiyo sababu nasisitiza vipimo vya pamoja. Heshima ya nchi imo, lakini hata kama isingekuwemo, vipimo vya upande mmoja ni vipimo pungufu.

Wapo watakaosema kwamba kwa kudai vipimo tunawapa kisingizio wasiotaka kurudisha. Hofu hiyo ina msingi. Maneno kama "hali ya kitu hairuhusu kusafiri" yamekwisha kutumika kuzuia mengi. Jibu langu liko kwenye mpangilio wa mkataba. Umiliki uhamishwe kwanza, kwa saini, bila sharti lolote la kemia. Baada ya hapo vipimo ni huduma anayodaiwa mwenye mali, na kitu kikichelewa Berlin kwa ajili ya vipimo kinachelewa kikiwa cha Tanzania. Tena vipimo vyenyewe havichukui umri wa mtu: eksirei ya mkononi hutoa jibu kwa dakika chache kwa kila sehemu, na sampuli za dawa za klorini hushughulikiwa kwa siku, si miaka. Na gharama? Aliyenyunyiza ndiye alipe. Sioni haki yoyote katika kumpa mtu mali yake pamoja na hati ya kumtaka aisafishe.

Pingamizi la pili ni la kwetu wenyewe, nalo linaniuma zaidi: kwamba hatuna wataalamu. Tunao, ila hatujawaita kwenye kazi hii. Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu, vingine vikiwa vimekwisha muda wake, ilifikishwa nchini kama msaada na kuishia shamba la Vikuge, Kibaha. Wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima udongo wa pale na kuonyesha mabaki ya DDT na jamaa zake. Molekuli ya DDT iliyo kwenye udongo wa Vikuge ni ileile iliyo kwenye ubao wa kiti. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sumu kila siku ya kazi. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko Arusha, na Tume ya Nguvu za Atomu iko hukohuko ikiwa na ujuzi wa eksirei. Kinachokosekana ni barua moja inayowaketisha hawa mezani na wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa, na mafunzo ya kuchukua sampuli bila kukichubua kitu, kwa sababu kuchota udongo kwa koleo na kukwangua ubao wa mtemi ni kazi mbili tofauti.

Halafu kuna anayeuliza, na ana haki kuuliza, kwa nini tuhangaike na viti vya kale wakati zahanati za Sikonge zina upungufu wake. Kwanza, hili lenyewe ni suala la afya: wilaya ya wakulima wa tumbaku haihitaji kuelezwa maana ya sumu iliyobaki kwenye mikono. Pili, fedha za kazi hii zipo duniani na zimekuwa zikitumika, isipokuwa kwa vitu vya watu wengine. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe katika Kongo ya mashariki, David Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya gazeti kuukuu la Standard la London la Novemba 1869, kwa wino uliotengenezwa kwa mimea ya huko, na maandishi yakafifia hadi kutosomeka juu ya herufi za chapa. Timu ya wanasayansi ilizipiga picha kurasa hizo kwa mwanga wa rangi nyingi, mmoja baada ya mwingine, kuanzia usioonekana wa upande mmoja hadi usioonekana wa upande wa pili, ikatenganisha wino na chapa bila kugusa karatasi, na Novemba 2011 ikachapisha yaliyofichika, ikiwemo simulizi ya mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 15, 1871. Tunashukuru kwa kazi hiyo. Watu waliouawa pale walistahili simulizi yao isomwe. Lakini kama wino wa mgeni aliyepita njia hii ulistahili wataalamu wa nchi mbili na ruzuku zao, nta iliyopakwa na wenye njia inastahili angalau saa moja ya mashine.

Wala tusikubali kuambiwa kwamba uhifadhi ni sayansi ya kuletwa. Livingstone alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, ni watumishi wake, akina Chuma, Susi na wenzao, walioamua mwili usafiri. Walitoa matumbo na moyo wakavizika, wakautia mwili chumvi, wakauanika juani siku 14 wakiugeuza. Chumvi hunyonya maji, na pasipo maji bakteria hawafanyi kazi. Kanuni ni hiyohiyo kwa samaki wa Tanganyika na kwa mwili wa mtu. Kisha wakamenya gome la mti likiwa duara zima, kama linavyomenywa leo gome la mzinga wa nyuki katika miombo ya Sikonge, wakaulaza humo na kuushonea kitambaa cha tanga. Oktoba ukafika Kwihara, Februari 1874 Bagamoyo, na London ulipofunguliwa ulikuwa na hali nzuri kiasi kwamba daktari aliutambua kwa kovu la mfupa wa mkono uliovunjwa na simba. Karibu mwaka mzima, kwa miguu na kwa meli, katika joto letu. Waliofanya vile walijua vitu vilivyo mikononi mwao na jinsi vinavyotenda, na ujuzi wa aina hiyo ndio unaotakiwa chumbani siku kiti kinapopimwa: mchongaji anayeijua mninga, mfuga nyuki anayeijua nta, mganga au mzee anayejua kilichopakwa wakati gani, na mkemia mwenye mashine.

Linabaki swali ambalo kemia haiwezi kulijibu kwa niaba ya mtu, nalo ni matumizi. Kitu kikirudi kikiwa na arseniki ndani ya ngozi yake, je, kikalie kioo cha makumbusho peke yake, au wenyewe waruhusiwe kukitoa siku ya tambiko? Wengine watapenda serikali ifunge mlango kwa amri. Sikubaliani nao. Makabila ya Marekani yaliyopata majibu ya maabara yamekuwa na uwezo wa kuamua yenyewe, kitu kwa kitu. Kwetu pia inawezekana kuamua kwamba kiti hiki kishikwe kwa glovu na kwa muda mfupi, kwamba kile kisivaliwe kichwani, kwamba cha tatu kitengenezewe pacha wa mninga mpya kwa ajili ya tambiko na cha zamani kibaki sandukuni. Uamuzi huo ni wa wenye kitu, ila wanahitaji karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka, isiyo na jina la elementi bila maelezo ya inachofanya mwilini, yenye mchoro wa kiti unaoonyesha sumu iko upande gani na nta ya wazee iko upande gani. Mzee wa Sikonge atakayeulizwa kama kiti kipakwe mafuta tena ana haki ya kuisoma karatasi hiyo kabla hajajibu.